Tepe za Kiongozi Gu

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa neno moja. Jumatano jioni Mwenyekiti Ma alipiga simu kuuliza, "Zile tepe umezitoa?" na Gu Bon-cheol, aliyekuwa amekaa sebuleni kwake mjini Cheongju, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akajibu, "Nimeshazitoa." Kisha akaweka simu chini, akaongeza maji. Hakuwa amezitoa. Zilikuwa bado zinapepea kule Mlima Jeokun, mwendo wa saa tatu kwa basi, tepe thelathini za njano, kila moja imechapwa jina la chama na namba ya simu ya Mwenyekiti.

Kwetu sisi wapanda milima tepe si pambo. Kila chama kina rangi yake, na kila chama kina kiongozi wa msafara ambaye hutangulia peke yake wiki moja au mbili kabla ya safari, akaikagua njia na kufunga tepe kwenye matawi ili wenzake waje wafuate. Gu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili katika Chama cha Alfajiri. Fundo lake lilijulikana: mizunguko miwili, mkia umeachwa mrefu kuelekea upande wa kwenda, na ukisimama kwenye tepe moja lazima uione inayofuata. Hakuwahi kupoteza mtu hata mmoja. Wanachama walikuwa na kauli yao, wanaitamka kwa pamoja ndani ya basi kila safari kama watoto wa chekechea: "Ukipotea, fuata njano! Njano zikiisha, rudi kwenye ya mwisho ukae! Kiongozi atakuja!"

Lakini kiburi si maungwana. Masika yaliyopita mwanachama mmoja alisimama katikati ya mteremko, akatazama saa yenye ramani mkononi mwake, akasema, "Kiongozi, saa yangu inasema twende kulia." Watu kumi wakaenda kulia. Njia ya saa ilikuwa nzuri tu, na hilo ndilo lililomuuma Gu. Alifika nyumbani hakula. Siku ile akajiapiza kwamba msimu wa danpung utakapofika, majani yatakapogeuka mekundu na nusu ya nchi kupanda mabasi kwenda kuyatazama, yeye atawapeleka watu wake mahali ambapo hakuna saa inayopajua.

Mahali penyewe palikuwa Mwamba wa Mwewe. Njia ya kwenda huko ilifungwa miaka tisa nyuma baada ya udongo kuporomoka. Walinzi wa hifadhi walifunga kamba mlangoni, wakaweka na ubao wa kukataza. Gu aliiruka ile kamba siku kumi kabla ya safari. Alipanda akifunga tepe zake moja baada ya moja, akavuka kijito, akapita chini ya genge, na alipotokea juu ya mwamba akaona bonde zima limeiva, jekundu mpaka chini mtoni, na hakuna mtu, hakuna kelele, akakaa chini akafuta macho. Akiwa na umri wa miaka sitini na nne alijiona bado anafaa kitu.

Mwenyekiti Ma hakufuta macho. Alipoambiwa alikaribia kupasuka. "Wewe Kiongozi una akili timamu? Tepe zenye jina letu na namba yangu mimi, juu ya njia iliyofungwa! Unataka nianikwe kama samaki? Kazitoe. Kazitoe zote, tutapanda ngazi za hifadhi kama binadamu wengine."

Gu alinuia kwenda. Jumatatu mvua ilinyesha. Jumanne goti lilimsumbua. Jumatano simu ikalia. Na ndani kabisa, pale ambapo mtu hapendi kujichunguza, hakutaka kuzitoa. Zilikuwa kazi nzuri. Aliona si vibaya chama kingine kipite kizione, kiseme: huyu aliyefunga hapa anajua.

Jumamosi wakaondoka. Basi lilianza kupanda vizingo vya mlima saa mbili na nusu, likiwa katikati ya mkia wa mabasi mengine na magari madogo yaliyojaa familia, yote yanakwenda kwa mwendo wa kobe, maana kila mwenye simu alitaka kusimama apige picha. Miti kandokando ya barabara ilikuwa inawaka. Ndani ya basi la Alfajiri mapazia yalikuwa yamefungwa ili trafiki wasione, na watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanacheza kwenye kijia katikati ya viti, kikombe cha pombe nyeupe ya mchele mkononi, Mwenyekiti Ma akiwa ameshika kipaza sauti na kuimba wimbo wa mapenzi kwa huzuni kubwa. Walisafiri saa tatu kuja kuona majani, na hayo majani hawakuyaona.

Aliyekuwa anayaona ni Tak Jae-ik peke yake. Alikuwa amefungua pazia kiasi cha kiganja, amebandika paji la uso kwenye kioo. Jae-ik alikuwa na miaka sitini na minane, mpole, karani wa posta mstaafu, na goti lake la kushoto lilikuwa linangoja kupasuliwa mwezi wa Desemba. Yeye na Gu walikianzisha chama pamoja.

"Mdogo wangu, njoo uone," alimwita. "Mlima unaungua na hawa wanatingisha viuno."

Gu akaketi kando yake. Mke wa Jae-ik, Pyo Sun-nam, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka. "Mwambie huyo mzee abaki na sisi kundi B. Goti lenyewe limevimba kama kabichi. Chini kuna mgahawa, kuna keki za vitunguu, kuna kachumbari ya kimchi, anatafuta nini huko juu?"

"Mtembea bure si sawa na mkaa bure," Jae-ik akasema.

"Mtembea bure atarudi amebebwa. Mimi simbebi mtu, nakuambia mapema."

Jae-ik akacheka, akampa mkewe simu yake aiweke mkobani, kama alivyofanya kila safari kwa sababu hakupenda kitu kizito mfukoni. Kisha akamwinamia Gu, akanong'ona. "Nasikia mwaka huu ulikuwa na jambo lako. Mahali papya. Kweli?"

Hapo ndipo Gu angeweza kusema: lilikuwepo, limekataliwa. Maneno mawili matatu tu. Lakini mzee alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayemwamini bado, naye Gu alikuwa hajatazamwa hivyo tangu masika.

"Wewe fuata njano tu, kaka," akasema, akamkonyeza.

Saa nne walianza kupanda, watu ishirini na wawili wa kundi A. Wengine walibaki mgahawani karibu na maegesho. Ngazi za hifadhi zilikuwa zimejaa kama soko siku ya mkesha wa sikukuu. Mtu anapanda akitazama visigino vya mwenzake. Baada ya dakika arobaini walifika njia panda. Kushoto ngazi ziliendelea. Kulia palikuwa na kamba, na ubao, na nyuma ya ubao, hatua kama tano hivi, tepe ya njano ilikuwa inapepea wazi kama bendera.

Mwenyekiti Ma alikuwa nyuma ya Gu kwa watu wanne. Kwa kawaida kiongozi husimama kwenye njia panda mpaka mtu wa mwisho apite. Hiyo ni kazi ya siku zote, hata mwanafunzi wa kwanza anaijua. Gu hakusimama. Alipaza sauti, "Kushoto, kushoto, tazameni kushoto, kuna kindi!" na akawavuta watu wake mbio mbio juu ya ngazi mpaka ile kamba ikafichika nyuma ya kona. Mwenyekiti akapita anatafuta kindi. Wengine wakapita wanacheka. Jae-ik alikuwa chini kidogo, amekaa kwenye jiwe, anasugua goti.

Kileleni, wakati wa kula, walikuwa ishirini na mmoja.

"Kaka Jae-ik yuko wapi?" Gu aliuliza.

"Amerudi kwa mkewe," mmoja akajibu, mdomo umejaa wali uliofungwa kwa mwani. "Goti lile! Saa hizi anakula keki ya vitunguu."

"Anakula? Anatukanwa!" mwingine akadakia, na wote wakaangua kicheko.

Gu naye alicheka. Lakini alilitazama bonde lile lote jekundu chini ya miguu yake na hakuona uzuri wowote. Alijiambia kwamba mzee amerudi. Alijiambia hivyo kileleni, akajiambia tena njiani wakati wa kushuka, na walipofika njia panda hakugeuza uso upande wa kulia.

Saa kumi walikuwa kwenye basi. Sun-nam alisimama mlangoni akihesabu nyuso zinazopanda, na ilipopanda ya mwisho akauliza, "Mume wangu mmemwacha wapi?"

Mwenyekiti Ma alizima muziki. "Si alirudi kwenu, shemeji?"

"Kwetu wapi? Toka asubuhi sijamwona." Akageuka akamtazama Gu. "Kiongozi?"

Simu ya Jae-ik ilikuwa ndani ya mkoba wa mkewe. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye bega la mlima na upepo ulikuwa umegeuka. Mwisho wa Oktoba jua likizama Jeokun, baridi haipigi hodi. Gu alijua. Alijua mahali, alijua njia, alijua karibu kila jiwe ambalo mzee alikuwa amelikanyaga. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu na kusema, na watu kumi na watano wangepanda pamoja naye kabla giza halijaingia.

"Naenda kumtazama," akasema. "Ninyi kaeni hapa. Mwenyekiti, waite walinzi."

"Nakuja na wewe," akasema Ma.

"La. Mtu mmoja anakwenda haraka."

Kwa kweli alikwenda haraka. Umri wake aliusahau. Alifika njia panda kifua kikimchoma, akainama chini ya kamba, na hapo mbele yake ikawa ile tepe ya kwanza. Mtu yeyote atakayekuja nyuma angeiona. Walinzi wangeiona. Mwenyekiti angeiona, na angekumbuka Jumatano, na neno lile moja. Mkono ulitangulia akili: akavuta mkia, fundo likafunguka, akaitia tepe mfukoni.

Alikusudia kutoa hiyo moja tu. Lakini pale iliposimama ya kwanza aliiona ya pili, maana ndivyo alivyozifunga, na kwenye ya pili ikaonekana ya tatu. Ufundi wake wote ulikuwa umegeuka shahidi. Akawa anapanda na kufungua, anapanda na kufungua. Kila fundo lilimchukua muda, vidole vimekufa ganzi. Na kila alipofungua alijisemea kwamba huku ndiko kumtafuta, kwani si anapanda? Si anatazama? Atakutana naye kwenye kona ijayo, watashuka wote wawili, mzee atanyamaza akiombwa, na hakuna atakayejua kitu. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na kazi mkononi.

Alimwita pia. "Kaka. Kaka Jae-ik." Aliita kwa sauti ya mtu anayeita ndani ya nyumba ya watu waliolala.

Kwenye kijito mvua ilianza, nyembamba, yenye chembe za barafu ndani yake. Alikuwa ametoa tepe kumi na tisa. Ya ishirini aliiona ng'ambo ya maji, imefungwa kwenye tawi la mti mkubwa, na mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana. Simu ikatetemeka.

"Uko wapi?" Mwenyekiti Ma alipiga kelele. "Walinzi wamefika. Wanataka kujua wapi pa kuanzia. Shuka uwaambie, wewe ndiye unayeijua njia!"

Gu akasimama na mguu mmoja juu ya jiwe. Huko juu ya kijito palikuwa na mwinuko mkali, wa kupanda kwa mikono. Goti lile, akafikiri, goti lile lisingevuka hapa. Mtu wa miaka sitini na minane, goti kama kabichi, asingepita hapa hata kwa kamba. Basi hakuja huku. Basi alipitiliza kwenye ngazi, akachukua njia ya upande wa pili wa mlima, ile inayoshuka kwenye hekalu. Kadiri alivyolifikiri ndivyo lilivyomwingia, na ilikuwa fikra tamu kuliko zote alizowahi kufikiri, kwa maana ikiwa ni hivyo, yeye hakuwa na kosa.

"Kaka," akaita mara ya mwisho. Kijito kilikuwa kinavuma. Akageuka.

Kwenye njia panda mkuu wa walinzi, mwanamke wa makamo mwenye tochi kichwani, alimuuliza jambo moja. "Hii njia iliyofungwa umeitazama?"

"Nimeitazama. Hakuna mtu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka juu," Gu akasema.

Wakaamini. Kwa nini wasiamini? Alikuwa kiongozi wa miaka ishirini na miwili, ameloa mpaka kwenye mifupa kwa ajili ya mwenzake. Wakapeleka watu wote upande wa hekalu, walinzi na zimamoto na wanaume wa Alfajiri, na Gu mbele yao, wakaupekua upande ule jiwe kwa jiwe mpaka kukapambazuka, nayo mvua ikageuka theluji nyepesi iliyokaa juu ya majani mekundu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Ila kifo kilichomuumbua Gu hakikuwa chake.

Saa moja asubuhi yule mkuu wa walinzi, ambaye hakupenda kubahatisha, aliwatuma vijana wawili wapite hata ile njia iliyofungwa. Walitumia dakika ishirini na tano tu. Jae-ik alikuwa ng'ambo ya kijito, chini ya mti mkubwa. Alikuwa amekufa.

Walimleta Gu kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa, kilichokuwa na sakafu inayopashwa joto kwa chini, wakampa chai ya shayiri. Sun-nam alikuwa amekaa pembeni ya meza ndogo, magoti pamoja, koti la mumewe begani. Mwenyekiti Ma alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Kwenye meza, mbele yake, palikuwa na tepe moja ya njano ambayo mlinzi ameileta.

"Wanauliza maswali, Bon-cheol," Ma akasema kwa sauti iliyokauka. "Nimeshawaambia. Ulizifunga, ukazitoa, chache za juu zikasahaulika. Makosa ya kibinadamu. Nimewaambia hakuna anayewajali watu wake kama wewe. Usiku kucha hukukaa chini."

Gu alikuwa amepewa mlango na rafiki yake mwenyewe, umefunguliwa wazi. Ilibaki kutikisa kichwa tu.

"Mlinzi ameniambia hakuanguka," Sun-nam akaanza. Hakuwa analia. "Hana hata mchubuko. Alikuwa amekaa. Mgongo kwenye shina, mkoba umekumbatiwa kifuani, juu ya kichwa chake hiyo hapo. Nikajiuliza, mtu mzima, miguu miwili, kutoka pale mpaka kwenye ngazi ni nusu saa. Kwa nini amekaa?"

"Shemeji, baridi ikimwingia mtu akili huwa..."

"Mwenyekiti, naomba unyamaze."



"Mimi huyo mtu nimekaa naye miaka arobaini na moja," Sun-nam akasema. "Barabara iwe tupu, hakuna gari, hakuna hata paka, yeye atasimama mpaka taa iwe ya kijani. Mimi nimeshavuka, nipo ng'ambo namsubiri, natukana. Mtu huyo ataruka kamba ya serikali kwa kichwa chake? Kwa tepe za juu ambazo huwezi kuziona ukiwa chini?" Akatikisa kichwa. "Alifuata tepe kutoka mwanzo. Jana asubuhi zilikuwepo. Akaenda zake juu polepole na goti lake, akakaa huko kuwasubirini, hamkuja, akashuka. Akafika pale akatafuta inayofuata. Haipo. Akafanya kama mnavyoimba ndani ya basi. Akarudi kwenye ya mwisho, akakaa." Alinyoosha kidole, si kwa Gu, kwa ile tepe. "Sasa niambieni. Kati ya asubuhi na jioni nani alipita hapo?"

Chumba kilikuwa na joto na nguo za Gu zilikuwa zinatoa mvuke. Mwenyekiti Ma alimgeukia taratibu, kama mtu anayegeuka akiwa amesikia kitu nyuma yake. Bado angeweza kukataa. Hakuna aliyemwona. Aliufikiria ukataaji huo, akauona ulivyo, akaona kwamba atalazimika kuubeba kila siku mpaka afe, na mara hii hakuwa na nguvu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa tepe zote kumi na tisa, zimelowa na kujisokota, akaziweka mezani.

"Mimi," akasema.

"Uliniambia umezitoa!" Ma alikuwa amesimama. "Jumatano! Uliniambia..."

"Nilikudanganya."

Sun-nam hakuzitazama tepe. "Saa ngapi ulikuwa huko?"

"Saa kumi na moja na kitu."

"Ulifika wapi?"

"Kwenye kijito."

"Yeye amekutwa ng'ambo ya kijito."

"Ndiyo, shemeji."

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

Sun-nam akafikiri kidogo. Alikuwa anazungumza kwa utulivu uliomtisha Gu kuliko kama angempiga. "Toka ulipoondoka mimi nilikuwa nimesimama nje, chini ya paa la mgahawa. Nilitega sikio. Kila mwaka ukiwaita watu wako huko juu, sisi tunakusikia mpaka hapa mezani, tunacheka, tunasema huyo Kiongozi, ana mapafu ya ng'ombe. Nikasema akimpata nitasikia. Sikusikia kitu. Nikasema ni upepo." Akainua macho. "Ulikuwa upepo?"

Gu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Haukuwa upepo," akasema. "Nilimwita polepole. Niliogopa nisije nikasikika."